Michelle Yeoh hakuanzia kwenye kung fu

Kaa kibanda umiza chochote cha Kirumba au Igoma, Mwanza, DJ akishaanza kutafsiri, utasikia mtu wa benchi la nyuma akiapa kwamba Michelle Yeoh, yule dada mwigizaji wa filamu za mapigano, amelelewa kwenye kung fu, mkanda mweusi tangu utotoni. Si kweli.

Yeoh alizaliwa Ipoh, Malaysia, mwaka 1962, na alichojifunza tangu utotoni ni baleti, aina ya dansi. Aliisomea hadi Uingereza, mgongo ukaumia, ndoto ya jukwaani ikaishia hapo. Mwaka 1983 akawa Miss Malaysia, kisha akaingia kwenye filamu Hong Kong. Mateke alifundishwa ukubwani, kwa ajili ya kazi. Ule wepesi wa mguu unaoshangiliwa na benchi zima ni wa dansi: kunyumbulika, mizani ya mwili, kukariri hatua. Pigano la filamu nalo hupangwa hatua kwa hatua.

Wanaodhani basi kila kitu ni danganya toto nao wamepotea. Kwenye Police Story 3 ya 1992 aliruka mwenyewe na pikipiki hadi juu ya treni inayotembea. Pikipiki yenyewe alijifunzia hapohapo kazini! Tuzo ya Oscar ilikuja 2023, akiwa na miaka 60.