Kenya: jina lililopita vinywani mwa Wakamba

Swali tunaloulizwa sana sisi wa lugha ni hili: "Kenya" ni neno la Wakikuyu au la Wakamba? Anayeuliza kwa kawaida ameshakuja na jibu lake, na jibu lenyewe huwa la kwao.

Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, Mkamba aliyevuma kwa misafara ya biashara. Mawingu yalipotawanyika, akauona mlima. Jina aliloandika, mara Kenia, mara Kegnia, alilisikia kwa wenyeji wake, wanaouita Kĩĩ-Nyaa. Wakikuyu husema Kĩrĩ-Nyaga, Waembu Kirenyaa. Hebu yatamke kwa sauti: ni ndugu wa tumbo moja. Penye g ya Kikikuyu, Kikamba mara nyingi hakina kitu. Shamba kwa Mkikuyu ni mũgũnda, kwa Mkamba ni mũũnda. Nyaga na nyaa ni vivyo hivyo. Kugombea mwenye jina, basi, ni kugombea kivuli.

Panapouma ni maana. Wapo wanaosema nyaga ni mbuni: dume lake lina mwili mweusi na manyoya meupe mbawani na mkiani, na mlima nao ni mwamba mweusi uliovaa theluji. Wengine wanashikilia kuwa ni mng'ao, wakitaja Mwene-Nyaga, jina la Mungu kwa Wakikuyu; nani, wanauliza, angemwomba "Mwenye Mbuni"? Hoja hiyo ilinishika miaka mingi. Kilichonilegeza ni Wamaasai, ambao lugha yao haina undugu na hizi. Wao huuita Ol Doinyo Keri, mlima wa mistari. Yaani jirani naye aliona rangi zikipishana, si weupe mtupu. Siku hizi naegemea kwa mbuni, ingawa sitaapa.

Nchi ilipewa jina la mlima mwaka 1920, ilipogeuzwa kutoka himaya kuwa koloni. Waingereza wakawa wanatamka "Kiinya". Matamshi ya leo yalishika baada ya uhuru wa 1963. (Jomo Kenyatta hakuipa nchi jina. Lake linahusishwa na mkanda wa shanga aliokuwa akiuvaa.)

Na ile g ya nyaga, ambayo Krapf hakuiandika, bado ipo, kwenye vibao vya barabarani kusini mwa mlima: Kirinyaga.