Si Kila Homa ni Malaria: Dhana Potofu Kuhusu Ufuatiliaji wa Magonjwa Yanayoibuka

Mwezi Julai mwaka 2022, habari za "ugonjwa wa ajabu" zilipotoka mkoani Lindi, ambako watu walikuwa wakipata homa, wakitokwa damu puani na kuishiwa nguvu, vijiwe vya kahawa vya Moshi vilizijadili kama mambo ya mbali. Haukupita muda mrefu Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine na kumpata mtu kupitia maji au matope, na kwamba wagonjwa walikuwa 20, watatu kati yao wakiwa wamefariki. Jambo ambalo wengi mjini Moshi hawakulijua ni kwamba mgeni huyo wa Lindi alikwisha kulala kwenye wodi zao miaka mingi kabla, ila aliandikishwa kwa jina la mwenzake.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni hiyo ya kwamba homa ni malaria, na ikikataa kuwa malaria basi ni taifodi au UTI. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi. Wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7, walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Vipimo vya kina vilipokamilika, malaria ilikutwa kuwa ndiyo chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, asilimia 1.6. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo, yaani watu 118, walikuwa nayo: 40 homa ya mgunda, 24 homa ya Q, 16 bruselosisi, na waliobaki homa zinazoletwa na kupe na viroboto. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, ambayo si ngeni hata kidogo, kwa kuwa ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na jina lake lenyewe ni la Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Hakuna hata mgonjwa mmoja kati ya hao ambaye, wakati wa kulazwa, mojawapo ya magonjwa hayo ya wanyama au chikungunya liliandikwa kwenye jalada lake hata kama jambo la kushuku.

Sisemi haya kuwalaumu madaktari, maana mtu haandiki ugonjwa ambao kipimo chake hakipo mezani. Lakini takwimu za afya hujengwa kutoka kwenye jalada lile lile na rejesta ile ile ya wagonjwa wa nje, kwa hiyo ugonjwa usiopimwa huonekana mkoani na taifani kana kwamba haupo, na siku ukijikusanya mahali pamoja kwa nguvu ndipo tunauita wa ajabu.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana ya pili, kwamba taarifa za kila wiki zinazotumwa na zahanati ni makaratasi ya kumridhisha mkubwa. Nilimkuta muuguzi wa zahanati moja ya tambarare, kusini mwa Moshi, amesimama kwenye kona ya baraza ambako mtandao unashika, akiingiza kwenye simu hesabu za wiki iliyopita: kipindupindu 0, surua 0, kimeta 0, aliyeng'atwa na mbwa 1. Mzee aliyekuwa akisubiri dawa akauliza kwa nini anahangaika kutuma sifuri. Swali lake ni zuri, na jibu ni kwamba sifuri iliyotumwa inasema "tumetazama, hatukuona", ilhali kituo kilichonyamaza hakisemi lolote, na mwenye kusoma ramani ya mkoa hawezi kujua kama kimya hicho ni cha afya au cha betri iliyokufa.

Wengine huamini kwamba ulinzi wetu uko uwanja wa ndege wa KIA na mpakani Namanga, penye vipimajoto. Vipimajoto vina kazi yake, lakini humkamata aliye na homa saa ile ile anapopita. Virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kutokwa damu, huweza kukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili, kwa hiyo aliyeambukizwa jana atapita huku anatabasamu. Mlipuko wa Marburg mkoani Kagera, uliotangazwa Machi 21, 2023, ulijulikana kwa sababu wagonjwa na vifo visivyo vya kawaida vilionekana vijijini na sampuli zikapelekwa maabara. Wagonjwa walikuwa 9, waliofariki 6, na Juni 2 ukatangazwa kwisha.

Wenye hoteli na waongoza watalii wa Arusha nao wana yao: kutangaza ugonjwa ni kujifungia biashara. Hofu yao naielewa. Hata hivyo, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa zilizoanza kutumika mwaka 2007, nchi hutakiwa kuliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kuwa tukio linaweza kuwa dharura ya afya ya umma inayozihusu nchi nyingine, na mlipuko wa Kagera ulitangazwa na kumalizwa katika muda usiofika miezi mitatu.

Limebaki la mifugo, ambalo kwa mikoa yetu lina uzito wa pekee. Wengi hudhani mbuzi wanaotupa mimba ni habari ya ofisa mifugo peke yake. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, huanza hivyo hivyo: mayai ya mbu yenye virusi hukaa kwenye udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, mvua kubwa ikijaza madimbwi yanaanguliwa, kisha kondoo, mbuzi na ng'ombe hutupa mimba kwa wingi, na watu huambukizwa zaidi wanapochinja, wanapochuna au wanapomzalisha mnyama mgonjwa kwa mikono mitupu. Mlipuko wa 2006 na 2007 nchini Tanzania ulionekana kwanza wilayani Ngorongoro, ukasambaa mikoa mingine na kuua watu zaidi ya 100. Mfugaji husita kutoa taarifa akihofia mnada kufungwa, na kwa anayelipa karo kwa kuuza beberu wawili Meserani hofu hiyo si ya kuchekwa. Ila zizi lake ndilo linalotoa dalili kabla ya wodi yoyote.

Kwa hiyo mkulima wa mpunga wa Kahe au Mabogini anayefika zahanati na homa, kipimo cha malaria kikasoma hasi, na amweleze mganga bila kuulizwa kwamba wiki iliyopita alishinda kwenye majaruba miguu mitupu, kwamba panya wamejaa ghalani, na kwamba nyumbani kuna mbuzi aliyetupa mimba. Aombe maneno hayo yaandikwe kwenye jalada.