Hiyo kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya "sus", kifupi cha suspended, unayoipiga kila Jumapili kwenye kinanda ina nini ndani?

Wapiga kinanda wengi wa kwaya wanaijua kwa vidole, besi ya G mkono wa kushoto, kulia unabonyeza F, A na C halafu unaingia C, lakini ukiwauliza ndani kuna nini wanakwambia tu ni sus. Huku chuoni kwetu wanafunzi wanaliuliza sana hili, ngoja tulifungue vizuri.

Chukua G7 ya kawaida, wimbo ukiwa kwenye C. Ni so, ti, re, fa. Kinachoisukuma irudi C ni ti na fa kukaa pamoja, kati yao kuna toni tatu kamili na sikio halitulii mpaka ti ipande do na fa ishuke mi. Sasa toa ti weka do. Umebaki na so, do, re, fa, yaani G, C, D, F, na hiyo ndo G7sus4, nne ni hiyo do, noti ya nne ukihesabu kutoka G. Ule mvutano umeondoka, na kwa kuwa noti ya tatu kutoka G, yaani ti, haipo, kodi haisemi kama ni meja au maina, inabaki inaelea tu, mpaka uishushe do nusu toni iwe ti ndo G7 inarudi na unaingia C. Mtunzi Bach kwenye nyimbo zake za kanisa alifanya sana hivi, sauti moja inang'ang'ania noti ya kodi iliyopita wakati wenzake wameshahama.

Ile yenye F, A, C juu ya G ni ndugu yake, 9sus4, A ndo hiyo ya tisa. Wapigaji wa jazi wao hata hawaishushi, mpiga piano Herbie Hancock mwaka 1965 kwenye wimbo wake Maiden Voyage anaanza na Am7 juu ya besi ya D, anahamia Cm7 juu ya F, na inapendeza kweli.

Ila kwenye kwaya kuwa makini jamani. Alto wamefika ti, wewe bado umeshika do juu yao, hapo lazima zikwaruzane na alto watadhani wamekosea wao, wanaanza kuyumba bure wakati walikuwa sahihi kabisa. Kabla ya mazoezi angalia kwenye karatasi ti inaingia pigo la ngapi, na pigo hilo hilo kidole chako kitoke C kiende B.