Zege Halikauki: Dhana Potofu Kuhusu Majaribio ya Fizikia na Vifaa, Tukiwa Dodoma

Ukitembea Dodoma leo, kuanzia Iyumbu hadi Mtumba, si rahisi kumaliza mtaa bila kukuta rundo la kokoto, mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai, na mafundi wawili wanaobishana kuhusu ndoo za maji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini ujenzi ulishika kasi hasa baada ya 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli. Ubishi wa mafundi hao ni wa kisayansi kuliko wenyewe wanavyodhani, kwa kuwa kila mmoja ana dai kuhusu tabia ya kitu fulani, na dai la namna hiyo huamuliwa kwa jaribio lenye masharti yaliyoandikwa, ambalo mtu mwingine anaweza kulirudia. Tatizo ni kwamba matokeo ya majaribio yanapofika mtaani, namba hufika peke yake na masharti yake hubaki maabara, na hapo ndipo dhana nyingi ninazozieleza hapa zilipoota.

"Zege huwa gumu kwa sababu limekauka"

Dhana hii imeenea kuliko zote na hasara yake ni kubwa, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Ukuta wa tembe la Kigogo huwa mgumu kwa kukauka: maji yanaondoka, chembe za udongo zinashikana, na mvua kubwa ikiupiga unaweza kurudi kuwa tope. Zege halifuati njia hiyo. Saruji ikikutana na maji, madini yake, hasa silikati za kalsiamu, humenyuka na maji hayo na kuzaa dutu mpya ngumu inayoshika mchanga na kokoto pamoja, na mmenyuko huo hutoa joto kiasi kwamba anayegusa msingi mnene siku moja baada ya kumwagwa huukuta bado una uvuguvugu. Maji ni sehemu ya ugumu wenyewe. Ndiyo maana zege hushika hata likiwa limezama mtoni, na ndiyo maana likinyang'anywa maji mapema, mmenyuko hukatika kabla haujafika mwisho.

Na Dodoma ni mahali pa kunyang'anya maji. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 600 tu, na miezi ya kiangazi anga huwa kavu na upepo haupumziki. Slabu iliyomwagwa saa sita mchana mwezi Septemba na kuachwa wazi inaweza kupata nyufa nyembamba, kama za bwawa lililokauka, kabla haijashika vizuri. Anayelifunika zege kwa magunia yaliyolowa na kulimwagilia kwa siku saba au zaidi hacheleweshi kukauka kwake kwa bahati mbaya. Anafanya hivyo kwa makusudi, ili saruji ipate muda wa kumaliza kazi yake.

Maabara hulithibitisha jambo hili kwa michemraba ya zege yenye pande za milimita 150. Mchanganyiko mmoja hujazwa katika kalibu sita; mitatu inatumbukizwa kwenye tangi la maji, mitatu inaachwa uani, na siku ya 28 yote inapelekwa kwenye mashine ya kukandamiza. Uso wa mchemraba mmoja una milimita za mraba 22,500, kwa hiyo zege la nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba halivunjiki mpaka mashine ilisukume kwa kilonyutoni 562.5, yaani uzito wa tani 57 hivi juu ya kitu ambacho mtu mmoja hukibeba kwa mikono miwili. Kwa muda mrefu hakionekani chochote, namba zinapanda tu. Kisha zinasikika chembe zikialika, pande nne zinabanduka, na katikati kinabaki kitu chenye umbo la piramidi mbili zilizogusana kwa ncha, kwa sababu bamba za chuma za juu na za chini hukishika kwa msuguano na kukizuia kutanuka. Fundi sanifu mzoefu hulitazama umbo hilo kabla ya kuandika namba. Mchemraba ukipasuka upande mmoja, huenda haukukaa sawa kwenye mashine, na namba yake hutiliwa shaka.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Ukichukua michemraba miwili iliyokomaa vizuri kwa namna ileile, ukaukausha mmoja muda mfupi kabla ya kuupima na mwingine ukaupima ukiwa umelowa, ule mkavu huonyesha nguvu kubwa kidogo. Mtu aliyeona kipimo hicho kimoja atatoka akisema, "Si niliwaambia? Likikauka linaimarika." Hali ya unyevu siku ya kupima ni sharti la kipimo na malezi ya zege kwa siku 28 ni jambo jingine kabisa, na viwango vya upimaji hudai sharti hilo liwe sawa kwa michemraba yote ili athari ya malezi ionekane bila kuchafuliwa na hali ya unyevu. Hata kasi ya kukandamiza imewekewa mipaka, kwa kuwa mashine ikisukuma kwa haraka mno, zege hilohilo huonekana na nguvu kuliko ilivyo.

Nduguye dhana hii ni ile isemayo kwamba maji yakizidi hayana neno, yatakauka yenyewe. Yatakauka kweli, lakini nafasi yaliyokuwa yamekaa itabaki kuwa vitundu. Duff Abrams alionyesha huko Chicago mwaka 1918, baada ya majaribio mengi mno, kwamba uwiano wa maji kwa saruji ndio unaotawala nguvu ya zege kuliko karibu kitu kingine chochote. Mfuko wa kilo 50 hauhitaji zaidi ya lita 20 hivi kwa ajili ya mmenyuko wenyewe. Lita chache za ziada huongezwa ili zege lifanyike kazi, na ndoo inayomiminwa juu ya hapo ni ya kumpumzisha mwenye koleo.

"Mtafiti anayeandika 'zaidi au pungufu' hana uhakika na kazi yake"

Tuseme michemraba mitatu imetoa nyutoni 24.1, 25.3 na 26.8 kwa milimita ya mraba. Wastani ni 25.4. Anayetangaza 25.4 peke yake ameficha nusu ya alichokiona, kwa maana mhandisi hajengi kwa wastani. Anataka kujua mchemraba dhaifu unaweza kushuka hadi wapi. Mtawanyiko wa namba, ambao ndio 'zaidi au pungufu' yenyewe, unaeleza kokoto zilivyotofautiana, mkono wa aliyeshindilia, na uwezo wa mashine. Kwa upande wangu, ripoti yenye 25.4, 25.4 na 25.4 hunitia wasiwasi kuliko yenye namba zinazotofautiana, kwani namba zinazofanana kiasi hicho kwa kawaida zimepikwa.

"Jua la Dodoma ni kali, kwa hiyo sola hapa hutoa umeme zaidi mchana wa joto"

Nusu ya sentensi hii ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya idumu. Paneli hutengeneza umeme kwa mwanga, na mwanga kanda ya kati tunao wa kutosha. Joto ni habari nyingine. Watts zinazoandikwa mgongoni mwa paneli hupimwa kiwandani kwa mwanga wa watts 1,000 kwa mita ya mraba huku seli zenyewe zikiwa na nyuzi joto 25 za Selsiasi, hali ambayo paa la bati la Chang'ombe haliijui saa saba mchana. Seli zilizo juani huweza kufika nyuzi 60, na kila nyuzi moja inayozidi 25 hupunguza uwezo wa paneli ya silikoni kwa asilimia 0.3 hadi 0.5. Kwa asilimia 0.4, nyuzi 35 za ziada huondoa asilimia 14, na paneli ya watts 300 inabaki na 258 hata kabla ya kuhesabu vumbi.

Jaribio la kuyatenganisha mambo haya mawili halihitaji maabara. Chukua paneli ndogo ya seli 36 iliyokuwa ndani ya nyumba, ifute vumbi, itoe nje karibu na saa sita mchana siku isiyo na wingu, iegemeze ikilitazama jua, kisha pima volti zake kwa multimita bila kuunganisha mzigo wowote. Itaanza kwenye volti 21 hivi. Usiisogeze. Katika dakika 20 zinazofuata jua halijabadilika kwa kiasi cha kuhesabika, lakini volti zinateremka polepole, na zinaweza kupungua kwa takriban mbili, kwa sababu kila seli hupoteza karibu volti 0.002 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mwanga ni uleule, kilichopanda ni joto peke yake. Ndiyo maana mafundi makini huinua paneli sentimita kadhaa kutoka kwenye bati ili upepo upite chini, na huo upepo wetu unaolaumiwa kwa kukausha zege hapo hufanya kazi ya maana.

"Ukuta ukipasuka, saruji ilikuwa mbovu"

Mara nyingine ni kweli. Lakini katika maeneo yetu ya mbuga, ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu wakati wa masika na kupasuka mipasuko ya kuingia mkono wakati wa kiangazi, kosa huanzia chini ya msingi. Madini ya udongo huo, hasa montimorilonaiti, hunywa maji katikati ya matabaka yake na kuvimba, kisha hunywea yanapoondoka, na nyumba hupandishwa na kushushwa kila mwaka. Kipimo cha awali ni chepesi: sentimita za ujazo 10 za udongo mkavu uliopita kwenye chekeche laini humiminwa polepole katika silinda ya mililita 100 yenye maji, huachwa mpaka utulie, na kesho yake husomwa umefika wapi. Ukifika 20 au zaidi, umevimba maradufu, na mwenye kiwanja anapaswa kuzungumza na mhandisi kabla ya kuzungumza na muuza tofali.

"Mpemba alithibitisha kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi"

Hili ni jambo la nyumbani, na linastahili kuandikwa kwa uangalifu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto na akaona umeganda kabla ya wa wenzake. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na badala ya kucheka kama wengine, Osborne alikwenda kulijaribu. Makala yao ya pamoja ilichapishwa mwaka 1969.

Walichokitoa ni taarifa ya kitu kilichoonekana chini ya masharti fulani. Hawakutoa sheria kwamba hutokea kila mara, na kwa kweli hakitokei kila mara. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walirudia majaribio ya kupoza maji kwa makini na hawakupata ushahidi wa maana wa tukio hilo; walionyesha pia kwamba kipimajoto kikisogea kidogo tu juu au chini ndani ya chombo, kinaweza kumfanya mtu aamini ameliona. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wakiwa Kanada, waliacha kabisa kugandisha maji, wakatumia chembe ndogo mno iliyoshikwa kwa leza ndani ya maji, na wakaonyesha bila shaka kwamba mfumo unaoanza na joto zaidi unaweza kufika kwenye ubaridi mapema, masharti yakipangwa ipasavyo. Kwa hiyo anayesema "Mpemba alithibitisha" na anayesema "Mpemba alikosea" wote wameliruka swali: katika chombo gani, kwa kiasi gani, kipimajoto kikiwa wapi, na kuganda maana yake ni barafu ya kwanza kuonekana au maji yote kuwa barafu?

Upande wa pili wa dhana hiyohiyo ni kuamini tangazo la maabara moja kabla ya nyingine kulirudia. Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walitangaza kwamba dutu waliyoiita LK-99 inapitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida. Ndani ya wiki chache maabara za nchi mbalimbali ziliitengeneza upya, na mshuko wa ghafla wa ukinzani uliodhaniwa kuwa ushahidi ukaonekana kutokana na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadili muundo wake karibu na nyuzi 104.

"Utafiti wa vifaa ni wa wenye mashine za mabilioni"

Mashine zina kazi yake, sibishi. Hata hivyo Andre Geim na Konstantin Novoselov walianza kuitenga grafini, yaani tabaka moja la atomu za kaboni, huko Manchester kwa kubandua grafaiti kwa utepe wa gundi, wakatoa matokeo mwaka 2004 na kupata Nobeli mwaka 2010. Kinachosumbua zaidi kwenye maabara ndogo za huku kwetu ni vitu visivyopigwa picha: mzani ambao haujahakikiwa, kalibu iliyopinda, oveni inayozimika umeme ukikatika usiku. Udongo hukaushwa kwa nyuzi 105 kwa saa 24 hivi ili kujua ulikuwa na maji kiasi gani, na kitabu kinasema 24, basi mwanafunzi huhesabu saa na kuutoa, bila kujua kwamba kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri oveni ilikuwa baridi. Saa hizo 24 ni kadirio la kumrahisishia kazi. Sharti lenyewe ni uzito kutulia: sampuli hupimwa, hurudishwa ovenini, hupimwa tena baada ya saa chache, na ikiwa mzani bado unashuka, inarudi ndani.