Laktomita peke yake haimkamati mchakachuaji wa maziwa

Ninafanya kazi ya kupima vyakula maabara, na wafugaji huniuliza sana kama laktomita, yaani chombo kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na wa maji, haitoshi kumtambua anayetia maji kwenye maziwa. Haitoshi. Waingereza walikwishalijua hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na njia waliyopita inafaa kuelezwa.

Uzito mahususi wa maziwa halisi ni karibu 1.030, wa maji ni 1.000. Ukitia maji, kipimo kinashuka. Lakini mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo anayeanza kwa kuengua krimu huyafanya maziwa yawe mazito na kipimo kinapanda. Kisha anamimina maji kidogo kidogo mpaka kirudi palepale. Mnunuzi ameibiwa mara mbili, na laktomita inaonyesha maziwa mazuri kabisa.

Dawa yake ni kupima mafuta yenyewe. Mswisi Niklaus Gerber alitoa njia yake miaka ya 1890: asidi ya salfuriki inayeyusha protini, alkoholi ya amili inasaidia mafuta yajitenge, chupa inazungushwa kwa kasi kwenye mashine, na mafuta yanapanda kwenye shingo yenye alama. Unasoma asilimia moja kwa moja. Maabara nyingi bado tunaitumia.

Mwaka 1901 Uingereza ikaweka kanuni: maziwa yenye mafuta chini ya asilimia 3, au yabisi nyingine (protini, sukari na madini) chini ya asilimia 8.5, yatahesabiwa si halisi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mzigo wa kuthibitisha ulimhamia muuzaji. Yabisi zisizo mafuta zikisoma 7.65, mkemia aliandika kwamba maji yaliyoongezwa ni angalau asilimia 10, na hakimu alikuwa na kitu cha kushika.

Hata hivyo namba bila utaratibu isingefika mbali. Mkaguzi wa halmashauri aliponunua maziwa kwa ajili ya kupimwa, alimjulisha muuzaji nia yake, akaigawa sampuli mara tatu na kuziba kila sehemu kwa lakiri: moja kwa mkemia wa halmashauri, moja kwa muuzaji, moja ikabaki kwake. Pande mbili zikibishana mahakamani, ile ya tatu ilipelekwa Maabara ya Serikali, London. Kwa maoni yangu hili ni jambo bora kuliko vifaa vyote walivyokuwa navyo, maana linamlinda mlaji na linamlinda pia muuzaji asiye na hatia. Nikiletewa leo chupa moja isiyo na lakiri, hata nikipima kwa uangalifu gani, jibu langu halitasimama mbele ya wakili.

Kanuni ilikuwa na udhaifu wake. Kiwango cha chini kilimvutia mwenye maziwa yenye mafuta mengi ayapunguze hadi asilimia 3 bila kipimo kumkamata. Dawa za kuzuia kuharibika, kama formalini na asidi ya boriki, ziliendelea kutiwa kwenye maziwa wanayonyweshwa watoto wachanga hadi zilipopigwa marufuku mwaka 1912. Nao wafugaji walikuwa na utetezi wa kweli: ng'ombe wengine hutoa maziwa yenye mafuta machache, hasa ya asubuhi baada ya usiku mrefu bila kukamuliwa. Basi wakaguzi wakawa wanaenda zizini, wanasimamia ukamuaji na kuchukua sampuli palepale. Waliiita rufaa kwa ng'ombe.

Ubishi huo ulipata kipimo chake baadaye. Mwaka 1921 Julius Hortvet wa Minnesota, Marekani, alichapisha kifaa cha kupima kiwango cha kuganda. Maziwa huganda karibu na nyuzi 0.55 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa sababu mwili wa ng'ombe hukiweka kiwango hicho karibu sawa na cha damu yake. Malisho duni yanaweza kupunguza mafuta na yabisi, lakini hayakigusi kiwango hicho kwa kiasi cha maana. Maji yakiongezwa, kinasogea kuelekea sifuri, hata kama krimu imeenguliwa kwa ustadi na laktomita inasoma 1.030.