Mkulima huru wa Uingereza ya Zama za Kati: shamba lake lililindwa na nani?

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba chini ya ukabaila kulikuwa na kabaila mwenye ardhi na mtwana, mkulima asiye huru aliyemtumikia, basi. Kwa Uingereza picha hiyo inawaacha nje watu wengi mno. Mwaka 1086 maofisa wa mfalme William walizunguka nchi wakiandika mashamba, plau na watu. Daftari lao, Domesday Book, lina maelfu ya wakulima huru, hasa upande wa mashariki. Katika jimbo la Lincolnshire peke yake, karibu nusu ya wakulima walioandikwa walikuwa wa kundi hilo.

Hata hao walikuwa na bwana, maana kisheria ardhi yote ilikuwa ya mfalme na kila mtu alishika kipande chake chini ya mwingine. Mkulima huru kwa kawaida alilipa kodi inayojulikana, pengine na siku chache za kusaidia mavuno. Mtwana aliweza kudaiwa siku 2 au 3 kila wiki katika shamba la kabaila. Binti yake akiolewa alitoa ada. Akifa, mnyama aliye bora zizini alichukuliwa.

Mzigo huo ulikuwa mzito, lakini mimi naona pengo kubwa zaidi lilikuwa mahakamani. Tangu enzi za Henry II, katika miaka ya 1160, mtu aliyenyang'anywa shamba aliweza kununua hati ya mfalme. Watu 12 wa jirani wakaitwa na kuulizwa: je, huyu ametolewa katika shamba lake huru bila haki na bila hukumu? Wakikubali, alirudishiwa. Neno "huru" ndilo lililobeba kesi nzima. Kabaila akijibu, "Huyu ni mtwana wangu," na ikathibitika, shauri liliishia hapo. Mtwana akarudi kulalamika katika baraza la kabaila yuleyule.

Tusichanganye mtu na ardhi. Mtu huru aliweza kushika shamba la kitwana, yaani lenye masharti ya mtwana, na kulifanyia kazi zake zote, yeye mwenyewe akabaki huru. Ila kwa shamba hilo, mahakama ya mfalme haikumsaidia.

Kuuza nako kulitofautiana. Mkulima huru alisimama shambani na mnunuzi mbele ya mashahidi, akampa bonge la udongo au kijiti mkononi. Sheria ya 1290 ilimruhusu kuuza bila idhini ya bwana wake, na mnunuzi akachukua nafasi yake. Mtwana alilirudisha shamba kwa kabaila barazani, kabaila akampa mnunuzi kwa ada, karani akaandika.

Baada ya tauni ya 1348 na 1349 kuua watu wengi na wakulima kuadimika, utwana ulidhoofika, na nakala ya maandishi yale ya karani ikawa hati ya mwenye shamba. Hatimaye mahakama za mfalme nazo zikaanza kuilinda. Umiliki wa aina hiyo ulifutwa mwaka 1926.