Je, wajua kiziwi aliwezaje kucheza besiboli ya ligi kuu ya Marekani kwa misimu 14?

William Hoy, aliyezaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1862, alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miaka mitatu kwa homa ya uti wa mgongo. Alisoma shule ya viziwi mjini Columbus, akawa fundi viatu, kisha akajiunga na timu ya Oshkosh, jimboni Wisconsin, mwaka 1886.

Huko ndiko tatizo lilikojitokeza. Katika besiboli, mwamuzi hutangaza kwa sauti iwapo mpira uliorushwa ulipita mahali halali au la, mpira halali asioupiga mpigaji huhesabiwa kosa lake, naye hutolewa akifikisha makosa matatu. Hoy alilazimika kugeuka kila mara kumuuliza mwamuzi, na warushaji wajanja walirusha mpira mwingine kabla hajajiweka sawa. Ndipo akapatana na kocha wa timu yake asimamaye karibu na besi ya tatu, mojawapo ya vituo ambavyo mkimbiaji hupitia ili afunge: akiinua mkono wa kulia, mpira ni halali, wa kushoto, si halali. Wapo wanaodai kwamba ishara za waamuzi wa leo zilitokana naye, lakini ushahidi wake ni haba, maana aliyempa Hoy ishara alikuwa kocha wala si mwamuzi.

Ulinzi ulikuwa na ugumu wake. Hoy alicheza katikati ya uwanja wa nje, ambako walinzi wawili wanaoufukuzia mpira mmoja hugongana wasipoitana. Yeye alitoa mlio mfupi wa kooni alipotaka kuudaka. Wenzake wasipousikia, walijua mpira ni wao.

Mwaka 1888, msimu wake wa kwanza katika ligi kuu akiwa na Washington, aliongoza ligi kwa kuiba besi 82, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri kipigo, ingawa enzi hizo hata besi ya ziada ambayo mkimbiaji aliipata kwa kipigo cha mwenzake iliweza kuhesabiwa. Cha kustaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni mchezo wa tarehe 19 Juni 1889, ambapo mirusho yake mitatu kutoka uwanja wa nje ilimfikia mdakaji Connie Mack kwa wakati, na wakimbiaji watatu wakatolewa wakiwa karibu kufunga.

Alistaafu ligi kuu mwaka 1902 akiwa na vipigo zaidi ya 2,000, na mwaka 1961, akiwa na miaka 99, alirusha mpira wa ufunguzi wa mchezo mmoja wa fainali mjini Cincinnati. Hata hivyo, hajaingizwa katika ukumbi wa heshima wa besiboli ulioko Cooperstown.